187 na 231: kadi mbili za Mbekenyera

Mwezi uliopita nilikuwa Mbekenyera. Kwa wasiopafahamu, ni kata ya wilaya ya Ruangwa mkoani Lindi, nchi ya Wamwera, ya korosho, ufuta na mihogo. Zamani upande wote ule ulihesabiwa Nachingwea, mpaka Ruangwa ilipopewa wilaya yake mwaka 1995. Nilikwenda kumsalimia mama mkubwa, maana simu peke yake hazitoshi, na mtu mzima akikwambia "siku hizi umetutupa" ujue kesi imeshafika pabaya.

Tulipomaliza kula akaingia ndani akatoka na kopo la biskuti. Ndugu msomaji, nadhani hata kwenu lipo kopo la namna hiyo, ambalo ndani yake biskuti hazijawahi kuonekana. La mama mkubwa lina karatasi za shamba, stakabadhi za chama cha msingi, na kadi mbili za kliniki zilizolegea kingo. Moja yake. Nyingine ya mdogo wake, mjomba wangu, aliyefariki mwaka 2008.

"Wewe si mwandishi wa habari," akaniambia. "Hebu nisomee hizi namba. Mimi nilikuwa mgonjwa kuliko yeye. Kwa nini nipo na yeye hayupo?"

Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja, kwamba majina nisitaje. Nimekubali.

Kwenye kadi zote mbili kuna mstari ulioandikwa CD4, na tarehe zote ni za Juni 2007. Yake inasema 187. Ya mjomba inasema 231. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wakati huo na sikuelewa kitu. Sasa nimerudi mjini na nimekaa wiki tatu nikisoma kila nilichoweza kukipata kuhusu namba hizo. Haya ndiyo niliyoyapata. Ni historia ndefu kidogo, inaanzia mbali na Ruangwa, lakini inarudi kwenye kopo lile.

Tuanze na kinachohesabiwa. Kwenye damu kuna seli nyeupe za aina nyingi, na baadhi yake ndizo zinazotoa amri kwa askari wengine wa mwili. Hizo zimebeba juu ya ngozi yake protini inayoitwa CD4. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza na wa Ufaransa, kila kundi kwa njia yake, walionyesha kwamba virusi vya UKIMWI hutumia protini hiyo kama mlango wa kuingilia. Vinaingia, seli zinakufa, na mwili unabaki na askari wasio na kamanda. Mtu mwenye afya huwa na seli hizo kama 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Kwa hiyo ukijua zimebaki ngapi, unajua ulinzi umebomoka kiasi gani.

Tatizo ni kuziona. Chini ya darubini ya kawaida seli yenye CD4 na isiyo nayo zinafanana kama korosho mbili za mti mmoja. Tofauti iko kwenye protini yenyewe, na protini hiyo ni kidogo mno. Seli moja inabeba molekuli zake makumi ya maelfu, lakini usidanganywe na neno makumi ya maelfu. Chukua gramu moja, igawe mara milioni, kisha kila kipande kigawe tena mara bilioni. CD4 yote ya seli moja ina uzito wa vipande vichache vya namna hiyo. Hakuna mizani itakayopima kitu hicho. Ilibidi watu watafute njia ya kukifanya kiwake.

Njia hiyo ilianza na daktari kijana wa Marekani, Albert Coons. Mwaka 1939 alikuwa mapumzikoni Berlin, akiwaza ugonjwa wa homa ya baridi yabisi. Wengi walihisi kwamba mabaki ya bakteria ndiyo yanayoleta shida kwenye mwili wa mgonjwa, lakini hakuna aliyeweza kuyaona. Coons akajiuliza swali ambalo leo linaonekana rahisi. Mwili wenyewe hutengeneza kingamwili, na kila kingamwili hunata kwenye kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Sasa ukiifunga kingamwili hiyo rangi, si itakuonyesha kufuli lilipo?

Watu walishajaribu kufunga rangi za kawaida, lakini rangi kidogo kiasi kile haionekani. Coons akatumia rangi za namna nyingine, zile zinazomeza mwanga wa aina moja na kuutoa ukiwa wa rangi nyingine. Umeshawahi kuona noti ikiwekwa chini ya taa ya zambarau benki, alama zilizofichika zikawaka? Au shati jeupe ndani ya disko? Ndiyo kitu chenyewe. Uzuri wake ni kwamba unatazama kitu kinachowaka gizani, na gizani hata cheche moja inaonekana.

Jaribio lake la kwanza liliwaka bluu, na likamkwamisha, maana nyama ya mwili yenyewe huwaka bluu kidogo. Cheche ikapotelea kwenye mwanga wa jirani. Akiwa Harvard na wenzake wakabadilisha, wakatumia flureseini, inayowaka kijani. Mwaka 1942 walitoa maandiko yanayoonyesha mabaki ya bakteria wa nimonia ndani ya nyama ya panya, yakiwaka kijani mahali yalipo. Kwa mara ya kwanza kitu kidogo kisichopimika kilikuwa kimejitaja chenyewe.

Lakini kuona si kuhesabu. Kwa miaka mingi waliotumia njia ya Coons walikaa kwenye chumba cha giza wakihesabu nukta za kijani kwa macho yao. Mmoja wao alikuwa Leonard Herzenberg wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyechoshwa na kazi hiyo akaamua kutafuta mashine ya kuifanya. Wakati huo huko Los Alamos, kwenye maabara iliyojulikana kwa mabomu ya nyuklia, mhandisi Mack Fulwyler alikuwa ameshatengeneza mwaka 1965 mashine ya kutenganisha seli ndani ya matone, kwa ufundi uliotokana na wino wa kuchapia. Herzenberg akaichukua michoro hiyo, na kufikia mwaka 1972 kundi lake lilikuwa na mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza. Kila seli inapopita, jicho la mashine linapima imewaka kiasi gani. Ujerumani nako, mjini Münster, Wolfgang Göhde alikuwa ameshatengeneza ya kwake mwaka 1968.

Vikabaki vitu viwili. Cha kwanza ni kingamwili safi, zinazofanana zote, za kutosha dunia nzima. Georges Köhler na César Milstein walizipata Cambridge mwaka 1975, na mwaka 1979 ikapatikana ile inayonata kwenye CD4 peke yake. Cha pili ni rangi kali zaidi. Hapa nilicheka peke yangu. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba rangi inayowaka vizuri kupita kiasi inapatikana kwenye mwani mwekundu. Mwani! Kundi hilo hilo kubwa la mimea ya bahari ambalo akina mama wa Zanzibar na wa pwani yetu ya kusini wanalifunga kwenye kamba maji yakipwa. Rangi hiyo ndiyo iliyokuja kutumika kwenye mashine nyingi za kuhesabia CD4.

Sasa angalia jinsi wakati ulivyokwenda. Kingamwili ya CD4 ina miaka miwili tu tangu ipatikane, na mwaka 1981 daktari Michael Gottlieb wa Los Angeles anakutana na vijana wenye nimonia ya ajabu. Damu yao ikapimwa kwa kipimo hicho kipya, na seli za amri zikakutwa karibu zimekwisha. Tarehe 5 Juni 1981 taarifa ya wagonjwa watano ikachapishwa. Kama ugonjwa huo ungekuja miaka mitano kabla, madaktari wangeona nimonia tu, wasijue kilichobomoka nyuma yake. Miaka miwili baadaye, mwaka 1983, wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera.

Basi namba ikapata kazi. Ilionekana kwamba seli zikishuka chini ya 200 magonjwa nyemelezi huanza kumwandama mtu, na mwaka 1993 Marekani ikaiingiza 200 kwenye tafsiri rasmi ya UKIMWI. Mstari ukawa umechorwa. Dawa za mchanganyiko zilipopatikana mwaka 1996, swali likawa nani aanze na lini. Kwa nchi zetu jibu lilikuwa lile la mstari. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya miaka ya mwanzo ya 2000 ilisema ambaye hana dalili za ugonjwa mkubwa aanze akiwa chini ya 200. Tanzania ilipoanza kutoa dawa bure, Oktoba 2004, ndiyo njia iliyofuatwa. Aliyeugua sana aliweza kuanza kwa dalili zake. Aliyeonekana mzima alisubiri namba ishuke.

Na namba yenyewe ilikuwa na safari. Mashine zilikuwa kwenye hospitali kubwa, pale penye umeme na fundi. Damu huchukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, haigandishwi, na kwa kawaida inatakiwa ifike kwenye mashine ndani ya siku mbili, la sivyo seli zinakufa na namba inakuwa ya uongo. Fikiria siku mbili hizo masika, kwenye barabara za vumbi za wakati ule. Ama damu isafiri, ama mwenye damu asafiri. Mama mkubwa na mjomba walisafiri wenyewe. Mara ya kwanza waliambiwa mashine imeharibika, warudi wiki ijayo. Hospitali sitaitaja, maana haikuwa peke yake. Wakauza debe la ufuta, wakarudi.

Ndani ya maabara kilichofanyika ni hiki. Tone moja la damu linawekwa kwenye kichupa chenye kingamwili zilizokwishafungwa rangi, linakaa gizani kama saa moja, linaingia kwenye mashine. Ndani ya kichupa hicho kuna pia vipira vidogo sana vinavyowaka, ambavyo idadi yake inajulikana tangu kiwandani. Mama mkubwa aliponiuliza ni vya nini nilimpa mfano wa korosho. Una lundo usilolijua idadi. Unachanganya humo korosho 1,000 ulizozipaka rangi. Unachota 100, unakuta 10 zina rangi na 90 hazina. Basi lundo lako lilikuwa na korosho kama 9,000. Akasema, "Kumbe ni hesabu ya kawaida." Ni ya kawaida, mama. Kilichochukua miaka arobaini ni kuipata hiyo rangi.

Kwa hiyo 187 ikatoka, na 231 ikatoka. Mama mkubwa, aliyekuwa amekonda na ana kikohozi, akaandikiwa dawa. Mjomba, aliyemsindikiza na kumbebea mkoba, akaambiwa bado. Arudi baada ya miezi sita. Nakumbuka alirudi nyumbani akifurahi, kama mtu aliyefaulu mtihani. Kwenye foleni za kliniki wakati ule watu waliulizana "zako ngapi?", na mwenye namba kubwa alionewa wivu.

Miezi sita ikaangukia Desemba, msimu wa korosho. Hakwenda. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kichwa kikaanza kumuuma, kikauma bila kuacha, na katikati ya masika tukamzika.

Sasa nilitaka kujua kama mashine ilikosea. Hilo ndilo nililolitafuta zaidi, na nakiri nilitaka niipate na hatia. Sikuipata. Lakini nilipata kitu kingine ambacho hakuna aliyewaambia. CD4 za mtu mmoja hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Asubuhi huwa chini, jioni hupanda. Homa nyingine inazishusha kwa muda. Na mashine yenyewe, hata ikiwa nzima, ikipima damu ile ile mara mbili haitoi namba ile ile kabisa. Ukijumlisha yote hayo, mtu wa 231 angeweza kuwa chini ya 200 siku nyingine, na mtu wa 187 angeweza kuvuka juu. Madaktari walilijua hilo, ndiyo maana miongozo ilisema mtu apimwe tena. Ila kurudia kipimo ni rahisi kwa anayeishi mtaa wa pili na hospitali.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo watu wa kusini wanalijua tangu zamani kwa sababu ya korosho. Mizani inaweza kuwa sahihi kabisa na mkulima akapunjika vilevile, kwa kuwa bei imepangwa pengine. Kilo ni kilo. Bei ni uamuzi wa watu. Na 231 ilikuwa kilo. Mstari wa 200 ulikuwa bei.

Nisiwe mwongo, waliouchora hawakuwa wabaya. Dawa zilikuwa chache na fedha chache, na wa kwanza kuokolewa alitakiwa awe aliye karibu na kifo. Dawa zenyewe pia zilikuwa kali. Mama mkubwa alikunywa zile zenye stavudini, nyayo zikamwaka moto na mashavu yakamwingia ndani, mpaka alipobadilishiwa. Stavudini iliondolewa baadaye kwa sababu hiyo hiyo. Kumwanzishia mtu mzima dawa ya namna ile lilikuwa jambo la kufikiria. Lakini mstari ulipofika kwenye kaunta ya kliniki, sababu zote hizo zilikuwa zimeshadondoka njiani. Kilichobaki ni namba, na namba ikasikika kama ni mwili wenyewe uliosema bado.

Halafu mstari ukaanza kusogea. Mwishoni mwa mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likasema 350. Mwaka 2013 likasema 500. Mwili wa binadamu haukubadilika katika miaka hiyo minne. Kwa mwongozo wa 2009 mjomba angeandikiwa dawa siku ile ile.

Wakati huo huo mashine nayo ilikuwa inapungua ukubwa. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, Ilesh Jani na wenzake walipeleka kwenye zahanati kifaa kinachoitwa Pima, cha kubeba mkononi, kinachotumia tone la kidole na betri, na kutoa jibu kwa dakika kama 20. Ndani yake ni wazo lile lile la Coons, kingamwili na rangi inayowaka, pamoja na kamera ndogo. Matokeo yao yalitoka mwaka 2011. Kabla ya kifaa, wagonjwa 57 kati ya 100 walipotea kabla hata namba yao haijapatikana na kusomwa. Baada ya kifaa, 21. Mgonjwa ni yule yule. Kilichopungua ni safari kati yake na namba. Ukisoma hapo unaona akina mjomba wangapi walikuwa kwenye hiyo tofauti.

Mwisho wa mstari ulifika mwaka 2015. Utafiti ulioitwa START ulikuwa umekusanya watu 4,685 katika nchi 35, Uganda ikiwemo, wote CD4 zao zikiwa zaidi ya 500. Nusu walianza dawa papo hapo, nusu wakasubiri. Mei mwaka huo jibu lilikuwa wazi kiasi kwamba waliosubiri nao wakapewa dawa mapema kuliko ilivyopangwa, maana walioanza mapema waliugua sana na kufa kwa kiwango kisichofika nusu ya wenzao. Septemba Shirika la Afya Duniani likasema kila aliyepimwa na kukutwa na virusi atibiwe, bila kuuliza namba. Tanzania ikaanza kufuata utaratibu huo mwaka 2016.

Unaweza kudhani basi CD4 imekufa. Haijafa. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limeirudisha 200 kwa kazi nyingine. Mtu mzima aliye chini ya 200 huhesabiwa kuwa na ugonjwa uliokwenda mbali, na anatakiwa achunguzwe haraka kifua kikuu na ule fangasi unaoshambulia ubongo, hata kama amesimama mlangoni anacheka. Siku hizi kuna hata kipande cha plastiki kinachokwambia kwa dakika 40 uko juu au chini ya 200, bila umeme wala mashine. Namba ni ile ile. Zamani ilikuwa mlango wa kuzuia watu. Sasa inatakiwa iwe kengele ya kuwaita.

Ndiyo maana nimeandika haya, si kwa ajili ya historia peke yake. Wengi wetu wa rika hili tunadhani mambo ya CD4 ni ya wazazi wetu. Lakini wapo wanaopimwa wakiwa wamechelewa, na wapo walioacha dawa wakarudi kimya kimya wakiona aibu. Hao ndio kengele inawahusu. Kama una ndugu wa namna hiyo na ameanza kulalamika kichwa, usimwambie anywe panadoli. Mpeleke, na uulize CD4 zake ni ngapi.

Mama mkubwa nilimweleza yote haya kwa simu juzi usiku. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo siku ile hakufaulu chochote?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nisisahau kwenda nyumbani msimu wa korosho, mikono inahitajika. Kadi zote mbili amezirudisha kwenye kopo.

Kwenu mna kadi kama hizo? Waulizeni wazee wenu wawasomee, kabla kopo halijapotea.